Wanasema "yes" kwa kila kitu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni supavaiza kwenye kiwanda cha vifungashio, laini yangu ina watu 9 waliotoka nje ya nchi na Kiingereza chao ni cha kuungaunga. Bosi kasema niwafundishe nusu saa kila siku kabla ya shifti, kanipa kitabu cha gramma, wiki ya 3 sasa na bado nikimuuliza mtu umeelewa anajibu yes halafu anaenda kufanya kitu kingine kabisa. Juzi mmoja kaiseti mashine kwenye 50 badala ya 15, mzigo wote ukawa takataka. Shida ni mimi au ni wao?

JIBU: Shida ni hilo swali lako ndugu yangu. Mtu ni mgeni, kazi anaihitaji, wenzake wanamwangalia, na wewe ndo unamwandikia masaa yake, sasa ukimwuliza "Do you understand?" ulitegemea aseme nini? Mwambie "Show me", akuonyeshe kwa mikono yake, au akurudishie maelezo kwa maneno yake hata kama ni matatu tu na yamevunjika.

Halafu kuna mtego huu wengi hawaujui. Kwa Kiswahili, na lugha zingine kibao, ukiulizwa "huna glavu?" na kweli huna, unajibu "ndiyo", yaani umepatia, sina. Kwa Kiingereza ukiulizwa "You don't have gloves?" ukijibu yes ni kama umesema ninazo, au basi hakuna anayejua umesema nini. Kwahiyo hapo mtu hakudanganyi, anajibu kwa mantiki ya kwao. Uliza "Where are your gloves?" uone.

Hiyo 15 na 50 hata usimlaumu. Fifteen na fifty kwenye kelele za mashine zinafanana kabisa, hata wenye lugha yao zinawachanganya. Marubani namba nyingi wanazitaja tarakimu moja moja, one five, five zero, na nyie fanyeni hivyo hivyo na bado muiandike kwenye karatasi pale pale kwenye mashine.

Kitabu weka pembeni kwanza. Wapeleke kwenye mashine yenyewe, wasome kilichoandikwa pale, on na off, jam, hot, na ile batani nyekundu ya dharura kila mtu aiguse na aitaje jina. Wafundishe kwamba flammable na inflammable zote maana yake inawaka moto, maana ile in- imeshawadanganya wengi wakadhani ni kinyume (hapo Kiingereza chenyewe ndo cha ajabu). Na kwenye vibao, DANGER ni nzito kuliko WARNING, na WARNING ni nzito kuliko CAUTION.

Ila kosa kubwa la mafunzo haya kwa maoni yangu ni kwamba yanamfundisha mtu kupokea amri tu. Anajua "clean this", "move that", lakini siku mkono wa mwenzake unaelekea kwenye rola hana neno. Wiki ya kwanza kabisa wape "Stop!", "I'm not sure", "Say it again, slowly", "It's not safe", na wazoee kukupigia wewe kelele hizo, na siku mtu akisimamisha laini bure bila sababu usimgombeze, ukimgombeza mara moja tu mmerudi kwenye yes yes.

Na hiyo nusu saa inalipwa? Kama hailipwi usishangae wanasinzia.

SWALI: Kiwandani kwetu tumekatazwa kuongea lugha yetu, hata wakati wa lanchi. Ni sawa?

JIBU: Kwenye mashine naelewa, onyo linatakiwa lisikike na kila mtu. Lanchi hapana. Sheria ni za nchi na nchi, Marekani kwa mfano tume inayosimamia usawa kazini, EEOC, inachukulia sharti la kuongea Kiingereza tu muda wote kuwa ni ubaguzi, na sharti la muda fulani tu mwajiri lazima aonyeshe kazi inalihitaji. Ombeni hilo katazo kwa maandishi, muone kama yupo atakayelisaini.