Shukrani Inayotaja Ndama

Nimeacha kusema "namshukuru Mungu kwa yote". Imani ninayo, nimelelewa na Walutheri wa Machame, na Jumapili ikinipita bila kwenda ibadani wiki nzima naiona imekaa upande. Ila nilipojichunguza niliona kwamba ninapoitamka kauli hiyo hakuna kitu hata kimoja kinachonipitia kichwani. Hamna mvua, hamna mtu, hamna siku.

Ipo na ile sala ambayo Watanzania wengi tunaweza kuimalizia hata tukiwa usingizini: tunakushukuru kwa kutuamsha salama, maana wako wengi walioitamani siku ya leo wasiione, wengine wako mahospitalini, wala si kwamba sisi ni wema kuliko wao. Wazee wangu wameisali na sina ugomvi na anayeisali. Mimi hunikwama. Nimewahi kuuguza, nikakaa kwenye benchi nje ya wodi na chupa ya uji mapajani, na nilijua fika kwamba asubuhi ile ile kuna nyumba ambamo watu wamefumba macho wakishukuru kwamba wao si sisi. Tangu hapo natafuta shukrani isiyosimama juu ya mgonjwa wa mtu mwingine.

Mwalimu wangu katika hili ni mama. Mama husali mezani mpaka mtori unaota ngozi juu, na tulipokuwa watoto tulikuwa tukikanyagana miguu chini ya meza tukimsubiri afike amina. Lakini sikiliza anachosema. Anashukuru kwa mvua ya jana usiku iliyoingia taratibu bila kuangusha migomba. Anashukuru kwamba ng'ombe ameanza kucheua tena. Anamshukuru Mungu kwa ajili ya jirani aliyeleta mzigo wa majani bila kuombwa, na jirani huyo anatajwa jina. Chumvi ikiwa imekolea vizuri nayo hutajwa, pamoja na aliyepika. Mtu uliyetoka Dar es Salaam usiku wa kuamkia leo, ukisikiliza sala hiyo moja huna haja ya kuuliza habari za nyumbani.

Ushauri wangu wa kwanza, na ukiishia hapa utakuwa umepata kilicho kikubwa: kabla ya kulala taja kitu kimoja cha siku hiyo ambacho jana hakikuwepo. Kimoja tu. Ukikosa, rudi nyuma polepole. Nani alikuwa wa kwanza kukusalimia? Ulikula wapi, nani alikupakulia? Nani alikusogelea kwenye daladala upate pa kukaa?

Upande wa mazingira, sisi wa mlimani tumezaliwa chini ya kitu ambacho wenzetu wanapanda ndege kuja kukiona, na kwa kawaida hatukitazami. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, huonekana vizuri alfajiri na asubuhi na mapema. Ikifika saa nne mara nyingi mawingu yameshapanda, na ukiwa na bahati mlima unaonekana tena jioni kabla ya giza. "Mlima umetoka," mtu atasema, halafu anaendelea kukata majani yake. Baba alikuwa na desturi ya kusimama uani na kikombe cha chai (kahawa tuliilima na kuipeleka ushirika, tulichokunywa ni chai) akituonyesha barafu ilikuwa imeshuka mpaka wapi alipokuwa mdogo. Barafu ya mlima huo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Kwa hiyo tukienda nyumbani Desemba nawaamsha wanangu mapema wautazame. Wananung'unika, wanajifunika mashuka. Nawaambia waangalie vizuri, wataulizwa na wajukuu wao.

Dar es Salaam hakuna Kibo, na hata hivyo sikubaliani na anayesema mjini hakuna cha kutazama. Kituoni ninapopandia daladala upo mti wa mkungu ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka, na mama muuza maandazi huyafagia kila asubuhi huku akiutukana mti unaompa kivuli. Kuelekea Desemba mikrismasi inawaka kando ya barabara. Mwezi wa sita na wa saba kusi inapovuma, hata chumba cha bati kinalalika. Chagua kimoja unachokipita kila siku, ukizoee kiasi kwamba kikikatwa utajua siku hiyo hiyo.

Halafu kifanyie kazi, maana mti hausikii maneno. Kwetu kuna mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu ili kuyatoa maji mtoni na kuyapitisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Mfongo ukiachwa msimu mmoja, matope na majani yanauziba, kingo zinabomoka, na walio chini wanakaa bila maji. Ndiyo maana kuna msaragambo: kila kaya inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anatozwa faini. Nikikuta siku ya msaragambo niko nyumbani, naenda, ingawa mikono yangu ya ofisini huota malengelenge kabla jua halijawa kali na vijana hunicheka waziwazi. Mzee mmoja alinikuta nimeegemea jembe akaniuliza kama nimekuja kuchimba au kupigwa picha. Asiye na mfongo ana mtaro mbele ya nyumba yake, au mti unaonyauka kiangazi wakati ndoo ya maji ya kufulia inamwagwa barabarani.

Sasa familia, na hapa nitakaa kidogo.

Nenda msiba wowote, subiri usomwe wasifu wa marehemu. Utasikia alivyosomesha watoto wa nduguze, alivyogawa maziwa kwa wasio na ng'ombe, utani wake, uaminifu wake kwaya. Umechapwa vizuri kwenye karatasi, na mhusika hasikii. Katika msiba mmoja wa ukoo nilijikuta nimeacha kumsikiliza msomaji, nafikiria watu walio hai ambao wasifu wao nimeshauandika kichwani. Wa kwanza alikuwa baba mdogo, aliyeuza ndama ili nirudi shule nilipofukuzwa ada. Nikampigia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Kwema. Nimepiga nikushukuru kwa yule ndama."

"Ndama gani?"

"Yule uliyemuuza nikalipiwa ada kidato cha tatu."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Unaumwa?"

Ilibidi nimhakikishie kwamba siumwi, kazini sijaondolewa, na sitaki hela. Watu wetu wamezoea kwamba sifa zikianza tu kwenye simu, mzinga unafuata. Alipoamini, akafunguka. Kumbe yule ndama alikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso, na mama mdogo alikuwa ameshampangia kuwa ng'ombe wake wa maziwa. Kumbe walinuniana kwa ajili yake. Kumbe mnunuzi alitaka kulipa nusu, na baba mdogo akamrudisha ndama zizini mara mbili mpaka hela ikatimia. Mambo hayo nimeyajua nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwa sababu nilipiga simu. Tuliongea mpaka salio likaisha, na kesho yake nikampigia mama mdogo, ambaye naye nilikuwa na deni lake bila kujua.

Ukitaka kufanya kama hivyo, usichanganye shukrani na ombi. Hata kama siku hiyo una shida, baki nayo mpaka wiki ijayo. Usiseme "asante kwa kila ulichonifanyia", mtaje ndama. Usimwage shukrani hizo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana dakika tano baadaye itakuwa ni mashindano ya vikaragosi vya mikono iliyofumbatwa, na unayemshukuru ataona haya kujibu. Mwambie mwenyewe. Wapo wazee ambao maneno matamu huwatia aibu kabisa. Kwa hao beba sukari na majani ya chai, keti nao, na wakati wa kuaga sema ni kwa ajili ya nini. Mume au mke wako anayelala kitanda kimoja nawe pia ni mtu wa kushukuriwa kwa jambo lenye jina, ingawa huyo ndiye tunayemsahau kwanza.

Nilimsimulia habari hii jirani yangu, mzee wa Kiislamu kutoka Tanga, ambaye ukimuuliza hali hujibu "Alhamdulillahi" kwanza ndipo akueleze mgongo unavyomuuma. Akaniambia ipo hadithi ya Mtume: asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Mimi nikamtolea wale wakoma kumi wa Luka 17, walioponywa wote, akarudi mmoja tu kutoa asante, naye Msamaria. Tulikaa barazani mpaka mbu wakatuondoa.

Kumbukumbu nazo zinataka kushughulikiwa kabla wenye kuzijua hawajaondoka. Mama ana albamu ya picha za studio, zile za watu waliosimama wima mbele ya pazia lililochorwa bahari, wakati wengi wao bahari hawakuwahi kuiona. Nusu ya sura zile anazijua yeye peke yake. Nilikaa naye tukazitoa moja moja, tukaandika nyuma kwa penseli (wino hupenya ukaharibu picha): nani huyu, wapi, mwaka gani kama unakumbukwa, na jambo moja la kumshukuru. "Huyu alinifundisha kufuma." "Huyu alinibeba mgongoni hadi zahanati." Simu ilikuwa mezani inarekodi, na katikati unamsikia jogoo na mama akimfukuza. Usiisafishe rekodi ya namna hiyo. Mwachie jogoo wake.

Tulipofika kwenye picha ya kaka yangu, mama aliitazama, akafunga albamu, akasema ng'ombe hajakamuliwa. Sikumfuata. Nina neno hapa kwa wahubiri na kwa wapendwa wanaotuma jumbe za faraja: aliyefiwa msimfundishe kushukuru kabla hajamaliza kulia. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake, na ndiyo, inamalizika kwa kuimba. Zaburi ya 88 haifiki huko. Inaanza na kilio na kuishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Picha ya kaka haijaandikwa kitu mpaka leo, na sina haraka nayo.

Kwa anayetaka kuona imani na shukrani vikiwa na miguu, aende Jumapili ya mavuno usharikani. Mikungu ya ndizi mchare imepangwa mbele, maharage kwenye ndoo, mayai ndani ya kikapu cha pumba, jogoo aliyefungwa miguu anawika katikati ya mahubiri na watoto wanabana vicheko. Baada ya ibada ni mnada nje. Mayai ya bibi mmoja yatanunuliwa, mnunuzi atayarudisha yanadiwe tena, mpaka bei yake inapita ya jogoo. Wenye shukrani maalumu huenda mbele na familia zao na kueleza. Nilimshuhudia mzee mmoja akitoa sadaka kwa sababu amepata miwani na sasa anaweza kusoma mwenyewe namba za nyimbo. Kati ya yote niliyosikia siku hiyo ndiyo iliyonibaki.

Kuandika kunasaidia, ila usizidishe. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo wanayoyashukuru, huku wenzao wakiandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa afadhali kuliko wale wa kero. Mimi pia nimeona mara moja kwa wiki inatosha, Jumapili jioni, kwenye daftari la kawaida la shule. Nilipojaribu kila siku nilianza kuandika "afya njema" ili nimalize nikalale.

Mezani kwetu kila mmoja anataja kitu kimoja kabla ya kula, na sheria ni mbili: usirudie cha jana, na hakuna kumsahihisha mwenzako. Ya pili tuliiweka baada ya kitindamimba kumshukuru Mungu kwamba mwalimu wa hesabu hakuja. Mke wangu alinitazama, mimi nikatazama wali. Tukaitikia amina. Kesho yake alishukuru kwamba mwalimu amerudi na hakukagua madaftari.