Kuzoea kuendesha lori la friji usiku

Ndugu dereva, umeuliza ni lini mwili utazoea safari za usiku za kupeleka parachichi Mombasa kutoka Nairobi. Kwa kawaida hauzoei kikamilifu, hasa ukirudia kulala usiku kila unapopata mapumziko, kwa hiyo panga safari ukijua kwamba kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri usingizi utakulemea hata kama ulilala mchana. Saa hizo zisikukute Tsavo, ambako wanyama huvuka barabara gizani. Egesha mapema mahali penye mlinzi, ulale dakika 20, kisha uzunguke lori ukikagua kipimo cha joto la kontena, maana mtu aliyetoka usingizini hafai kushika usukani papo hapo. Kahawa inywe mwanzoni mwa safari, kwa kuwa baada ya takriban saa 5 nusu yake huwa bado mwilini na inaweza kukunyima usingizi ukifika. (Miraa huficha uchovu tu.) Ukishafika, usilale ndani ya kabini huku jenereta ya friji ikinguruma, mwachie utingo zamu, ukatafute chumba chenye giza.