Muulize Fundi: Injini Yagonga, Tuishushe au Tuisikilize Kwanza?

Barua za mwezi huu zimekuja na kelele zake. Msomaji mmoja hata hakuandika. Alinipigia simu, akaiweka juu ya boneti, akaniambia nisikilize. Nilisikia upepo wa kusi, nikasikia muuza mahamri akipita, injini sikuisikia. Kwa hivyo jamani andikeni: mlio unaanza lini, unazidi lini, unanyamaza lini. Hayo matatu yanifaa kuliko simu.

Assalaam aleikum fundi. Nina Hilux ya dizeli ya zamani, injini ya 3L. Msimu wa maembe nabeba kutoka Marafa hadi Malindi mjini, ukiisha nabeba chumvi. Tangu mwezi uliopita yagonga, ko-ko-ko-ko. Asubuhi ikiwa baridi ndipo zaidi, ikipata moto hupungua lakini haiishi. Nikiwa na mzigo nikakanyaga mafuta inazidi, nikiachia hunyamaza. Taa ya oili haiwaki. Fundi wa kwanza amesema injini imenoki, yaani beringi za ndani zimelika, nitafute elfu themanini aishushe. Wa pili amesema ni nozeli, ile ya kupuliza dizeli. Wa tatu amelegeza nati ya bomba la dizeli kwenye silinda ya pili, mlio ukakatika, akasema, "Umeona? Beringi ya pili hiyo." Nimwamini nani? — Msomaji, Gongoni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Huyo wa tatu amefanya la maana kuwashinda wenzake, kisha akaliacha njiani.

Ukilegeza ile nati, dizeli humwagika nje badala ya kuingia silinda ya pili. Silinda haipati moto, pistoni haisukumwi kwa nguvu, na kila mlio uliokuwa ukizaliwa na ule moto hunyamaza. Beringi ya konrodi, ule mkono wa chuma ulioshika pistoni, ikiwa imelika itanyamaza. Pistoni iliyolegea itanyamaza. Na nozeli mbovu nayo itanyamaza, kwa sababu haina tena inachokipuliza. Basi fundi wako amekuonyesha nyumba aliyomo mwizi, mwizi mwenyewe hajamshika.

Kumshika si kazi ya elfu themanini. Mwambie atoe nozeli ya pili na ya nne, azibadilishane: ya pili iende nne, ya nne ije pili. Kabla hajafungua, pale juu pasafishwe kwa brashi na dizeli, maana mchanga ukiingia kwenye lile tundu mtakuwa mmejitafutia ugonjwa mwingine. Zile pete nyembamba, washa, za chini ya nozeli ziwe mpya, zile za zamani zikirudishwa huvuja. Akishafunga na kutoa hewa, muiwashe asubuhi ikiwa baridi, arudie kulegeza nati moja moja. Ikiwa sasa mlio unakatika kwenye silinda ya nne, nozeli imehama na ugonjwa wake. Ipelekeni kwa wapimaji wa pampu na nozeli, na injini iacheni ilale mahali pake. Ikiwa mlio umebaki pale pale pili, hapo tena ni mambo ya ndani.

Mimi, kwa ulivyoeleza, natia dau kwenye nozeli. Nozeli nzima hupuliza dizeli kama ukungu. Iliyochoka hudondosha. Yale matone hayashiki moto kwa wakati wake, hasa injini ikiwa baridi, yakaja kulipuka kwa pamoja na kuipiga pistoni kama nyundo. Ndiyo maana asubuhi ni balaa na ikipata moto hupoa. Tazama na moshi: ukiwa mweupe asubuhi na mweusi ukipanda na mzigo, nozeli inazidi kujisema.

Beringi huwa na tabia ya kinyume. Oili ikipata moto huwa nyepesi, ile nafasi iliyolika ikakosa cha kuijaza, kwa hivyo beringi mbovu huzidi kugonga gari likishatembea. Na sauti yake si ko-ko kavu. Wazee waliopiga ngoma watanielewa: tapeti, zile za kusukuma valvu, hupiga chapuo, ngoma ndogo ya sauti kali; beringi hupiga vumi, ngoma ya sauti nene. Ile ya vumi utaisikia kwenye sakafu, chini ya miguu, kabla hujaisikia kwa masikio. Ikikujia pamoja na taa ya oili, zima gari hapo hapo ulipo. Usiseme utajikokota hadi daraja la Sabaki. Ndiyo mwendo unaokuvunjia konrodi, ikatoboa ubavu wa bloku, na hapo hizo elfu themanini utaziona kama senti.

Imebaki pistoni iliyolegea, nayo pia hugonga asubuhi na kupungua ikipata moto, kwa kuwa pistoni hutanuka. Kama mlio hautahama baada ya kubadilishana nozeli, nitaifikiria hiyo kabla ya beringi. Gari la namna hiyo huweza kubeba maembe misimu kadhaa likila oili kidogo, mradi uiangalie stiki ya oili kila asubuhi.

Jambo moja usilichezee. Dizeli inayotoka kwenye yale mabomba ina nguvu ya kupenya ngozi. Funika nati kwa kitambaa kinene, vaa miwani, wala usiweke kidole kupapasa panapovuja. Ikikutoboa, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na halitoki damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Unaniona nazunguka sana kabla ya kukubali injini ishushwe. Nina sababu. Nilipokuwa kijana wa gereji, miaka yangu ya mwanzo Malindi, ililetwa Hilux ya dizeli inayogonga. Mwenyewe alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka zaidi ya kuonyesha ujuzi. Nikasema imenoki. Tukaishusha chini ya mwarobaini, tukafungua karta, lile bakuli la oili la chini, tukatoa beringi zote. Zilikuwa ng'avu, hazina hata mkwaruzo. Tukazitupa, maana ungemwambia nini mwenye gari? Tukatia mpya. Siku ya tatu tukapandisha, tukawasha. Ko-ko-ko. Mlio ule ule, sauti ile ile.

Mzee wangu wa kazi, aliyekuwa Mombasa siku hizo, aliporudi hakusema neno. Alichukua kipande cha ufito wa mkandaa alichokuwa akikiweka nyuma ya mlango, urefu wa mkono, akatia ncha moja sikioni na ya pili akaigusisha injini. Kichwa cha silinda, bloku, pampu ya maji, alitaneta ya kuchaji betri. Pale kwenye alitaneta akasimama. Akalegeza mkanda wa feni akautoa, akasema washa. Kimya. Kwenye dizeli hizi za Hilux, nyuma ya alitaneta kuna pampu ndogo inayovuta hewa ya kusaidia breki. Ilikuwa imekwisha, yagonga ndani kwa ndani kama anayebisha hodi. Tungeijua kwa dakika moja. Sisi tulitumia siku tatu.

Kwa hivyo nawe, kabla ya nozeli, fanya hilo. Toa mkanda, washa injini isizidi dakika moja kwa kuwa pampu ya maji nayo imesimama, kisha zima. Gari lisitoke hapo lilipo, breki itakuwa ngumu. Mlio ukipotea, ugonjwa uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda. Na ufito si lazima uwe mkandaa, bisibisi ndefu yatosha, mpini sikioni. Bali vua kikoi. Nimeona kikoi kikichukuliwa na feni, na mwenye kikoi nusura akifuate.

Ukiwa umeshaanza kufungua fungua, muulize fundi mkanda wa taimingi, ule wa kupatanisha valvu na pistoni, ulibadilishwa lini. Injini yako inatumia mkanda, si cheni, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Huo haupigi kelele kabla ya kukatika. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana.

Fundi, mimi ni mama wa samaki, Mayungu. Pikapu yangu asubuhi nikiiwasha inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, majirani wamechoka nami. Baada ya dakika mbili inanyamaza. Je, itanifia njiani na samaki?

Mamangu, huo ni mkanda wa feni. Asubuhi betri imepungua, alitaneta inafanya kazi ya nguvu kuijaza, mkanda uliolegea unateleza ndipo unapolia. Injini ikiwa inanguruma, simama kando, mnyunyizie maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Ukinyamaza kwa muda kisha ukalia tena, umekauka na kung'aa kama kaure, badilisha. Ukizidi kulia ulipomwagiwa maji, umelegea, na ukazwe: ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, uingie kiasi cha sentimita moja.

Wakati umezima, shika feni uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, au ukiona alama ya maji yaliyokauka chini ya pampu ya maji, pampu hiyo yaondoka. Hiyo ndiyo itakayokuacha njiani na samaki. Mkanda wenyewe beba mmoja wa akiba chini ya kiti. Na wale wanaopaka sabuni ya mche ili usilie, waambie wakafulie.

Shikamoo fundi. Nimenunua Peugeot 504 pikapu kwa mtu hapa Malindi. Siku ya kuijaribu ilikuwa kimya kama gari la harusi. Baada ya wiki mbili nikabadilisha oili, sasa inalia tik-tik-tik juu. Nimeambiwa nimeuziwa injini mbovu. — Kijana, Ganda

Marahaba mwanangu. Siku ya kuijaribu ulifika saa ngapi? Nadhani ulifika adhuhuri na injini tayari ina moto. Siku nyingine ukinunua gari kuukuu, nenda baada ya swala ya alfajiri bila kusema unakuja, uweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Ikiwa na joto, mwenyewe ameamka mapema kuliko wewe, na ana sababu zake.

Kisha oili. Aliyekuuzia huenda alitia nzito sana, ile inayomwagika kama asali, ikafunika kelele. Wewe ulipotia ya kawaida, gari likasema kweli. Lakini kusema kweli si kufa. Tik-tik ya juu, nyepesi, mara nyingi ni tapeti tu. Kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, inayozungushwa na pistoni, kwa hivyo injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara sita au saba kwa sekunde. Mlio wa valvu una mwendo wa polepole kuliko wa chini, wa beringi. Kanyaga mafuta kidogo kidogo usikilize, sikio likishaushika huo mwendo haliupotezi.

Lakini usikimbilie tapeti kabla ya kutazama manifoldi ya ekzosi, pale moshi unapotokea injini. Gari lililoishi na hewa ya chumvi hukatika bolti za pale, moshi ukapenya kwenye gaskiti na kupiga tik-tik ile ile ya kudanganya. Huo huwa mkubwa injini ikiwa baridi, hupungua chuma kikitanuka, na huacha masizi meusi panapovuja. Ukiona masizi, huna haja ya kufungua kava ya juu.

Ikiwa ni tapeti, zipimwe kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, si kwa kukisia. Valvu ya ekzosi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza kwa kuwa hupata moto zaidi. Utakutana na fundi anayejisifu kwamba yeye huzikaza hata zisisikike kabisa. Mkimbie. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa, inaungua ukingoni, na inaungua kimya kimya. Afadhali ile inayotatarika kidogo.

Na usimrudie aliyekuuzia kwa ugomvi kabla hujapima mgandamizo wa silinda zote nne. Zikikaribiana, umenunua gari zuri lenye kelele.

Nikikanyaga klachi kuna kitu kinalia zzzz, nikiachia kinanyamaza. Ni injini? — Dereva, Mokowe

Si injini. Ni beringi ya klachi, ile inayosukumwa na pedali. Ingelikuwa kinyume, inalia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, ningekutuma kwenye giaboksi. Hilo la kwako lina subira kidogo, bali usiendeshe huku mguu umeegemea pedali, ndiko kulikoimaliza. Na siku giaboksi itakaposhushwa, badilisha sahani na beringi kwa pamoja. Kuishusha mara mbili kwa beringi moja, sikutakii.