Niliuachia Mkono wa Mwanangu Nishike Simu

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Unachukua tahadhari gani ili simu yako isikuletee madhara katika shughuli za kila siku?" Jibu langu ni fupi: naiacha simu ingoje. Sababu yake ndiyo ndefu kidogo.

Mwaka juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara, kwenye kivuko, nimemshika mkono mwanangu wa miaka minne. Mkono wa pili ulikuwa na mfuko. Simu ikatetemeka, nami nikamwachia mtoto ili niitoe. Sikufikiri hata kidogo. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo niliposikia breki za baiskeli. Mtoto alikuwa ameshaingia barabarani hatua mbili, na mwendesha baiskeli alikuwa chini, ameanguka akimkwepa. Tunashukuru aliyeumia ni yeye tu, naye alichubuka kiwiko. Ule ujumbe nilikuja kuusoma nyumbani, mikono ikiwa bado inatetemeka. Ulikuwa na neno moja: "Sawa."

Tangu siku ile, nikivuka barabara simu haitoki mfukoni hata ilie vipi. Hedifoni navua zote mbili, kwa sababu mara nyingi sikio hulijua gari kabla ya jicho.

Kwenye usukani nina msimamo mkali zaidi. Wenye magari hupenda kusema, "Natupia jicho tu." Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Jicho la sekunde 3 ni mita 50. Ukiwa katika mwendo wa 80, sekunde 5 za kusoma ujumbe ni zaidi ya mita 110, urefu wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na wote umeupita kama kipofu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takribani mara 4 zaidi ya asiyeitumia, na kwamba kuongea bila kushika simu hakupunguzi sana hatari hiyo.

Hilo la mwisho wengi hulikataa. Mimi pia nililikataa, mpaka siku nilipokuwa nikiongea na dada yangu kwa spika, akinieleza habari ya ugonjwa wake. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani na macho mbele, lakini niliipita njia panda ya kwenda kwangu, njia ninayopita kila siku, bila kuiona. Akili ilikuwa kitandani kwa dada. Sasa kabla ya kuwasha gari nazima milio, na simu inakaa kiti cha nyuma. Baadhi ya simu za siku hizi zina mpangilio wa kumjibu anayekupigia kwa ujumbe kwamba unaendesha. Ndugu na wenzangu kazini wameshauzoea. Likiwa jambo la lazima, natafuta mahali salama, naegesha, ndipo napiga.

Najua wapo watakaowaandikia kuhusu mionzi. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa utafiti wa saratani walio chini ya Shirika hilo hilo waliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Anayehofu aongee kwa spika au hedifoni, simu iwe mbali na kichwa, haigharimu kitu. Ila inanisikitisha kumwona mtu anaogopa mawimbi halafu analala na simu inayochajiwa chini ya mto.

Betri za simu zetu ni za lithiamu, na adui yao ni joto. Betri inayochajiwa hutoa joto, na mto au blanketi hulizuia lisitoke. Yangu ilianza kwa dalili ndogo: nikiilaza simu mezani na kuigusa pembeni, inacheza kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Baada ya siku chache kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja, ukucha unapita. Nilitaka kukibonyeza kirudi. Fundi aliniambia nimshukuru Mungu sikufanya hivyo, kwa kuwa ndani betri ilikuwa imevimba kwa gesi, na betri iliyovimba ikibonyezwa au kutobolewa inaweza kuwaka moto. Ukiona dalili hiyo, zima simu, usiichaji tena, mpelekee fundi, na betri ya zamani usiitupe kwenye taka za kawaida. Mimi nachaji mchana sasa, juu ya meza tupu, nikiwa macho. Mvua ya radi ikianza nachomoa chaja ukutani, kwani umeme wa radi unaweza kupita kwenye nyaya za nyumba. Na simu iliyo kwenye chaja haiingii bafuni kabisa.

Kuna madhara mengine yasiyoacha jeraha, nayo pia huja kwa haraka. Mama yangu alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa benki. Akaunti yake inafungwa, akaambiwa, asome upesi namba 6 zilizoingia kwenye simu yake. Zile namba ndizo ufunguo wenyewe. Anayekuwa nazo anaweza kuingia kwenye fedha zako, na benki haina sababu ya kukuuliza uisomee. Mama hakuyajua hayo yote. Alichokumbuka ni lile ninalomwambia kila siku kuhusu simu, akamjibu kwa adabu: "Ngoja kwanza baba, nimuulize mwanangu."

Yule mtu akamsihi asikate. Mama akakata, akanipigia.