Kabla Hamjaweka Vibao Kwenye Msitu wa Kijiji

Msomaji mmoja, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, ameniandikia kwa uchungu, na uchungu wake nauelewa. Walimkamata mchoma mkaa ndani ya msitu wao wa hifadhi, magunia yakafikishwa mahakama ya mwanzo, mtu akaachiwa. Mgambo hawakukosea lolote. Sheria ndogo walizozitegemea zilikuwa na muhuri wa kijiji tu, halmashauri ya wilaya haikuwahi kuzipitisha.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji wa Tanzania haki kubwa: kutenga msitu kwenye ardhi ya kijiji, kuusimamia wenyewe, na mrabaha wa mbao kubaki kijijini. Haki hiyo ailinde nani kama si ninyi?

Utaratibu wenyewe haujajificha. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaridhia na kuchagua kamati, msitu unapimwa, mpango wa usimamizi na sheria ndogo vinaandikwa. Vinarudi mkutano mkuu, ndipo viende wilayani. Sheria ndogo za kijiji huishia halmashauri ya wilaya. Anayewaambia zisubiri sahihi ya waziri anawachelewesha bure. Baada ya miaka 3 mnaweza kuomba msitu utangazwe kwenye Gazeti la Serikali.

Mihtasari ndiyo inayoangusha wengi. "Wajumbe walikubaliana" haitoshi. Andikeni azimio zima: jina la msitu, mipaka iliyosomwa mbele ya mkutano, tarehe, kisha orodha ya waliohudhuria pamoja na sahihi zao. Orodha ikikosekana, atakuja mtu aliyelima ndani ya hifadhi aseme mkutano haukuwahi kufanyika, na hamtakuwa na cha kumjibu.

Halafu mpaka. Hapa naomba msome polepole. Ramani nyingi za zamani za topografia zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, yaani msingi wa zamani wa kuhesabu namba za mahali kwenye ramani, wakati GPS ya mkononi kwa kawaida huwa imewekwa mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazichora kwenye mwingine bila kuzigeuza, mpaka wote unahama karibu mita 300, hasa kuelekea kaskazini au kusini. Ndani ya mita hizo kuna mashamba ya watu, na ugomvi wa vijiji viwili huanzia hapo. Kwa hiyo juu ya kila karatasi ya vipimo andikeni mfumo na zoni, yaani ukanda wa ramani ulimo msitu: Kilwa ni 37 kusini, Tabora ni 36 kusini. Utembeleeni mpaka wote pamoja na wazee wa kijiji jirani, wasaini palepale porini, siyo wiki mbili baadaye ofisini. Rangi kwenye miti ifuate. Vibao ni vya mwisho.

Kwenye kupima miti, kipenyo huchukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini, na kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu wa mti. Mti uliogawanyika chini ya kimo hicho unahesabiwa kila shina peke yake. Mkiruka kazi hii, idadi ya miti ya kuvuna ataitaja mnunuzi.

Na wafugaji msiwasahau kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Mpango usiotenga malisho, njia za mifugo na maji umeshaamua ng'ombe wataishia msituni kiangazi, hata faini iwe kubwa vipi. Kule Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga malisho yao kwa pamoja, yakaitwa OLENGAPA, kwa kuwa mifugo haijui kijiji kimeishia wapi. Vijiji vinavyopakana na msitu mmoja vifanye vivyo hivyo.

Wiki hii mwombeni mtendaji awaonyeshe nakala ya sheria ndogo yenye muhuri wa halmashauri ya wilaya. Ikiwepo, itoeni nakala 3: masjala ya kijiji, kamati, na afisa misitu wa wilaya. Isipokuwepo, ajenda ya mkutano mkuu ujao mmeshaipata.