Muulize Bibi: Nikae wapi nitazame watu?

SWALI: Bibi, shikamoo. Januari nitakuwa Tanga siku moja. Napenda kukaa tu nitazame watu, ila naogopa kudhaniwa mwizi. Niende wapi?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nenda bustani ya Jamhuri saa kumi alasiri, jua la kaskazi likianza kulegea. Mbele yako bandari na kisiwa cha Toten. Shika kikombe cha kahawa na kashata. Mnywa kahawa haulizwi anatazama nini. Simu iache mfukoni, hiyo ndiyo inayotia watu wasiwasi. Juzi nilimwona mzee wa kanzu akimfundisha mjukuu baiskeli. Mtoto akaenda, mzee akajikwaa. Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia dera, na doa halijatoka.