Matoleo mawili ya sheria yakigongana, korti hufuata lipi?

Swali: Kikundi chetu cha wakulima hapa Kenya kilipewa kijitabu cha sheria kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Kipengele kimoja hakisemi sawa na cha Kiingereza. Hakimu atafuata kipi? Na kama ni cha Kiingereza, tafsiri yetu ina kazi gani?

Jibu: Matoleo ya Katiba ya 2010 yakigongana, kifungu cha 259 kinalipa ushindi toleo la Kiingereza. Kwa sheria za Bunge, kifungu cha 120 cha Katiba hiyo kinasema hufuatwa toleo lililotiwa saini na Rais. Kwa hiyo ulizeni kwanza ni lipi lililotiwa saini. Kijitabu cha kuelimisha umma hakiwezi kusimamia kesi yenu. Mpeni wakili nakala iliyosainiwa ailinganishe nacho.

Mimi hutafsiri sheria, na naamini wananchi wanastahili zaidi ya hapo. Katika Umoja wa Ulaya, wenye lugha rasmi 24, matoleo yote ya sheria yana nguvu sawa. Mwaka 1969 mkazi wa Ulm, Ujerumani, alilalamikia utaratibu wa siagi ya bei nafuu kwa watu wanaopokea misaada. Toleo la Kijerumani lilidai kuponi iandikwe jina lake, jambo aliloliona linamvunjia heshima mbele ya muuzaji. Baadhi ya matoleo mengine hayakudai jina. Yalitaka tu kuponi iweze kuhusishwa na mtu fulani. Mahakama ambayo sasa ni ya Umoja huo ilikataa kusoma toleo moja peke yake. Iliyalinganisha, ikachagua maana isiyomlemea mtu iwapo lengo la sheria linatimia. Akalindwa na maneno yaliyoandikwa kwa lugha za majirani zake!

Kanada nayo, sheria za shirikisho huandikwa na waandishi wawili kwa pamoja, mmoja kwa Kiingereza na mwenzake kwa Kifaransa, tangu 1978. Hakuna anayengojea mwingine amalize ndipo atafsiri.

Kwenu, tafsiri ina nguvu zaidi mswada ukiwa bado bungeni, kwa sababu wakati huo maneno bado yanaweza kubadilishwa. Idaini mapema, wakati wa kukusanya maoni ya umma. Maoni yenu yaandikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwani ni lugha rasmi ya Bunge.

Na kipengele mlichokiona? Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lirekebishe sheria. Andikeni ombi, mtaje nambari ya kipengele na mnukuu matoleo yote mawili.